Kundi Moja, Mameya Wawili

Asubuhi ile theluji ilifika vifundoni, lakini benchi letu la nje ya duka la kona halikukosa watu, kila mmoja na kikombe chake cha karatasi cha kahawa ya pakiti. Mtaa wetu mpya unakatwa katikati na barabara ya shule. Upande huu ni jiji la Seonha, upande ule ni Dorim. Majengo ni mapacha, mameya ni wawili. Kundi letu la mtandaoni ndilo moja, tangu enzi zile hapa ni matope matupu na wote tunalia na lifti mbovu. Sasa msimamizi wake, Byeongcheol, ambaye tunamwita Meya, alikuwa ameweka kura kundini: tuligawe au tusiligawe?

— Greda la Seonha limesukuma theluji mpaka mstari wa katikati, likageuza, Meya akalalamika. Tangu alfajiri watu wa Dorim wanatutukana. Mimi ndiyo refa? Kila mtu na meya wake!

— Sema umechoka kufuta matusi, akamjibu Okhui, Mama Gyuri, anayekaa Dorim na alikuwa amevuka theluji yote ile kuja kunywa kahawa yetu.

— Nimechoka, sikatai. Lakini iliyotugawa ni serikali, siyo mimi. Nyie taka zenu Jumanne, sisi Alhamisi. Nyie mna maktaba, sisi tuna bwawa la kuogelea. Tutaongea nini huko kundini?

— Bei ya kabichi! Kabichi inamjua meya?

Mzee Deoksu, dereva mstaafu wa basi, tunayemwita Profesa, akakohoa.

— Hamjui kitu. Tatizo ni maji. Dorim wanakunywa maji ya mto, na maji ya mto yanaleta ubishi.

— Kaka, bomba si ni lile lile? Meya akamuuliza.

— Ndivyo wanavyotaka mwamini. Hata paka wa Dorim hawavuki barabara. Nimewachunguza.

— Wanaogopa magari! akadakia Okhui.

— Magari ya wapi? Ya Seonha!

Tulicheka mpaka kahawa ikanimwagikia glovu.

Mara akatokea mwanamke anakimbia, hana koti, miguuni ndara za ndani.

— Samahanini jamani, mmemwona baba yangu? Ana koti la kijani. Siku hizi anasahausahau, na tumehamia juzi tu.

Meya hakumuuliza anakaa upande gani. Alivua glovu kwa meno, akaandika kundini. Okhui akamvika yule dada koti lake. Simu zikaanza kulia: "Bustanini hayupo." "Nashuka maegesho ya chini." Wale wale waliokuwa wakitukanana sasa wanagawana vichochoro. Profesa alitoka mbio kwenda kituo cha basi, eti wazee wakipotea hupenda kusubiri basi. Hakumkuta, akarudi benchini.

Halafu ikaingia picha. Mzee amekaa kwa dobi karibu na shule, kajifunika blanketi la mteja. Chini yake maneno: "Mzima. Anasema dobi anapiga pasi vibaya." Aliyetuma ni Pilipili Mbichi, jina lake la kundini.

— Huyo ni baba kabisa! dada akasema, analia na kucheka.

Akaenda na Okhui, wakarudi wamemshika mzee mikono.

— Huyo Pilipili Mbichi tumekuta kashaondoka kwenda kazini, dada akasema. Nataka nimpelekee keki za mchele. Anakaa upande gani, Seonha au Dorim?

Meya akapekua simu. Pilipili Mbichi alikuwemo tangu siku za matope. Ameuza baiskeli ya mtoto, amefundisha watu kutoa madoa, amegombana na nusu ya kundi kuhusu mbwa. Meya akainua macho.

— Mama Gyuri, si wa kwenu huyu?

— Wa kwetu? Miaka yote hii mimi nilijua wa kwenu!

Tukamgeukia Profesa. Naye, aliyechunguza hadi paka, akainamia kikombe chake. Meya akaifuta ile kura hapo hapo, bila hotuba, na Profesa akasogea ili mzee apate pa kukaa.