Mama Msasa na Ukuta wa Sebuleni Kwake

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuvifanya vitu vipya vionekane vya zamani, Mama Msasa anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Yeye mwenyewe amekataa katakata kuonekana wa zamani. Atakayefika ukumbini siku ya kumuaga akitafuta bibi kizee wa kumshika mkono atamkosa. Amtafute mwanamke mwenye doa la rangi ya kijani kwenye sikio la kulia, anayewaelekeza wenzake jinsi ya kupanga viti.

Alianza hapa karakanani kama fundi rangi wa milango. Wakati ule tulikuwa na chumba kimoja, na rangi za kuchagua zilikuwa nyeupe, krimu na ile kijani ya kuta za zahanati. Mteja akitaka nyingine aliambiwa asubiri, na kusubiri kwenyewe hakukuwa na mwisho. Mama Msasa akaanza kuchanganya mabaki ya makopo wakati wenzake wanakula. Mwaka haukuisha kabla mwenye karakana hajampa pembe yake, meza yake na onyo kwamba asimwage. Alimwaga. Sakafu ya pembe ile mpaka leo hakuna anayejua ni ya rangi gani.

Jina la Mama Msasa alipewa na sisi maseremala, kwa sababu mbili. Kwanza, hatembei bila kipande cha msasa mfukoni. Hata kwenye harusi ya binti yake alionekana akisugua ukingo wa meza ya maharusi. Pili, ni ulimi wake. Ukimpelekea kabati lenye droo inayokwama, atakusugua wewe kwanza, kabati baadaye.

Kisha ukaja mtindo wa fanicha za kizamani. Zamani ukimwambia mtu kwamba nyumba yake imekaa kishamba, salamu zinakatika. Siku hizi anakupigia simu mwenyewe kuuliza kama imekaa kishamba vya kutosha. Watu walitaka meza zilizopauka, makabati yaliyochubuka, viti vinavyoonekana vimekaliwa na babu wa babu, na wote walivitaka kabla ya mwisho wa wiki. Hapo ndipo Mama Msasa alipong'aa.

Hakuzeesha kitu kabla ya kuishi nacho kidogo. Alikikalia, akakifungua na kukifunga, akakisukuma kwa goti. Aliamini kwamba uzee hauji sawasawa kila mahali. Huja pale mkono unaposhika, pale goti linapogonga, pale ufagio unapopita kila asubuhi. Kwa hiyo aliwauliza wateja maswali ya ajabu: nani huingia jikoni wa kwanza, watoto ni wa kukimbia au wa kukaa, baba hufunga droo kwa mkono au kwa kiuno. Akishajua, alisugua mshumaa kwenye kingo zilezile, akapaka rangi juu yake, kisha akapitisha msasa taratibu, na rangi ikaachia palepale alipotaka iachie. Mteja mmoja alirudi analalamika kwamba kabati lake limechakaa upande mmoja tu. Mama Msasa akamwomba alifungue. Yule mteja akanyoosha mkono wa kushoto, akacheka, akaenda zake na kabati.

Kwa mbao ngumu alitumia mnyororo wa baiskeli na shada la funguo. Mlinzi wetu, siku yake ya kwanza kazini, alisikia vishindo na sauti ya mwanamke ikisema kwamba bado, bado hujachoka wewe. Akaingia mbio na rungu kuamua ugomvi, akamkuta Mama Msasa peke yake anaichapa meza mpya ya kulia. Alipoelezwa, aliuliza meza imekosa nini.

Na kuna lile birika lenye mfuniko mwekundu. Ndani yake hulala chai kali isiyo na sukari, ya kupaka kwenye mbao mpya ili zikubali kuwa kahawia. Mhasibu wetu, mtu mwenye adabu zake, alimimina kikombe kizima cha chai iliyolala siku nyingi akakinywa mpaka chini, akidhani ndivyo idara ya rangi inavyokunywa. Hakudhurika. Tangu siku hiyo tuna rangi iitwayo Chai ya Mhasibu, na inaulizwa sana.

Maana rangi zake zote alizipa majina, na hakuna hata moja lililotoka kwenye katalogi. Kuna Goti la Mtoto, kuna Shati la Jumatatu, kuna Mkwe Kanuna, ambayo ni zambarau na mtu akiiona hahitaji maelezo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hapa walikuwa hawalijui. Taa za karakana hudanganya. Rangi iliyo tulivu chini ya taa zetu huweza kupiga kelele ikifika sebuleni kwa mtu. Kwa hiyo kila rangi aliyochanganya, Mama Msasa alichukua kidogo kwenye kichupa, akaenda nayo kwake, akapaka kiraka ukutani sebuleni. Alikitazama asubuhi, mchana na jioni taa ikishawashwa. Kikimridhisha, mteja alipata rangi yake. Ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuturudishia kopo. Sifa tulizopewa kwa miaka mingi zilipatikana kwenye ukuta ule, na ukuta ule haukuwahi kupakwa rangi yake wenyewe. Mganga hajigangi.

Mumewe, shemeji yetu, alikuwa dereva wa lori. Miaka yote hiyo alikuja, akalala, akaondoka, na viraka havikumsumbua. Alipostaafu akaanza kushinda nyumbani, kiti chake kikiutazama ukuta. Hakugomba. Siku moja tu tulipokwenda kumjulia hali, alinyooshea kidole kiraka kimoja baada ya kingine akasema, “Ile ni nyumba ya daktari wa meno. Ile ya mwalimu mkuu. Ile sijui ya nani. Yetu ni ipi?”

Tuliona swali lilivyomwingia Mama Msasa.

Kwa hiyo tukakubaliana kwamba zawadi yetu ya kumuaga iwe kuipaka sebule ile. Yeye achague rangi tu. Wiki zikapita. Huyu aliyeweza kumchagulia mtu rangi kabla hajamaliza kujieleza, sasa alichanganya, akatikisa kichwa, akachanganya tena. Tulianza kuogopa kwamba ataagwa kabla hajachagua, na shemeji ataendelea kumtazama daktari wa meno. Alituambia kila rangi anayoigusa ina mwenyewe.

Mwishowe alifanya lile ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkalisha mumewe kitako akamhoji kama anavyohoji wateja. Akamuuliza kule safarini, nyumbani alikuwa akikumbuka nini. Shemeji akafikiri sana. Akasema alikumbuka dirisha la sebule hii lionekanavyo kutoka barabarani, pazia limefungwa na taa inawaka ndani. Akiliona hivyo alijua hawajalala, wanamsubiri.

Mama Msasa alituhadithia haya akiwa ameinama juu ya kopo, akikoroga zaidi kuliko kopo lilivyohitaji. Rangi aliyoipata ni manjano ya upole, yenye kahawia kwa mbali. Aliijaribu pazia likiwa limefungwa, akatoka nje barabarani kuitazama, akarudi. Anaiita Hawajalala.

Jumamosi tulikwenda na rola, ngazi na magazeti ya kutandika. Nilitegemea ataomba tubakishe kiraka kimoja cha kumbukumbu, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Wala. Yeye ndiye aliyepiga brashi ya kwanza, juu ya daktari wa meno, akisema rangi zote zile zina kwao na zimeshafika. Bluu ya daktari ilitusumbua, ikawa inachungulia hadi tulipopaka mkono wa tatu. Jioni ukuta ukatulia. Shemeji alitoka nje, akavuka barabara, akasimama huko peke yake muda mrefu akitazama dirisha la nyumba yake. Mama Msasa alimchungulia kupitia pazia, akatuambia tukaoshe brashi, kisha akaenda kumfuata.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini Jumanne shemeji alifika karakanani, wakati Mama Msasa yuko kwa mteja, akazunguka kwenye makopo kama mtu aliyepotea. Alitaka kichupa kidogo cha Chai ya Mhasibu, iongezwe maziwa kidogo. Tulimuuliza ya nini. Akasema amefikiria jikoni, na anataka kuijaribu kwanza, kiraka tu. Tukamkumbusha malalamiko yake juu ya viraka. Akajibu kwamba yale yalikuwa ya sebuleni.

Alipofika mlangoni akageuka. “Mwambieni,” alisema, “akimaliza kazi yenu, kuna mteja anamsubiri nyumbani. Na hana haraka.”

Tumeona tukuandikie hapa, watu wote wakisoma. Ahsante, Mama Msasa, kwa kila ukingo uliousugua, sisi tukiwemo. Mikono yako ipumzike inapotaka, siyo inapolazimishwa, na maisha yako na ya shemeji yawe mema na marefu. Kiraka kiko nyuma ya mlango wa jikoni, upande wa kushoto. Kitazame asubuhi, mchana na jioni, kisha umjibu mteja wako.