Mwalimu Leonidasi Havyarimana, Aliyewafundisha Wakimbizi Kuitamka Hofu kwa Kiingereza

Ndugu, jamaa na majirani wa Keza, leo Jumatatu tarehe 5 Machi 2007 tunamzika mwalimu wetu. Tutayasema maisha yake kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo wengine wangependa yanyamaziwe.

Marehemu Leonidasi Havyarimana alizaliwa tarehe 14 Septemba 1953 huko Muyinga, Burundi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Ntakirutimana, mkulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi kwa Kirundi na Kifaransa. Mwaka 1972 baba yake aliuawa, naye akavuka mpaka kwa miguu pamoja na mama yake na mdogo wake Consolatha, anayewasomea wasifu huu.

Hapa Ngara alianza masomo upya. Alikaa dawati moja na watoto, kijana mwenye ndevu, akijifunza Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976 na chuo cha ualimu mwaka 1978.

Alifundisha Kiingereza katika shule ya Bisibo, kisha hapa Keza. Kilichomshughulisha zaidi ni vile vineno vidogo vinavyofuata nomino. Baada ya fear, yaani hofu, alisisitiza, huja of, wala si from. Baada ya reason, yaani sababu, huja for. Hakuandika kanuni ubaoni. Darasa zima liliimba sentensi moja kwa sauti moja, kama kwaya, mpaka masikio yenyewe yakatae kosa. Hata waliopita njiani kwenda shambani waliweza kuitikia.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na Felisita, binti wa mzee Rwekaza wa Nyarubungo. Alipokwenda kujitambulisha alitoa shikamoo yake vizuri, lakini wasiwasi ukamfanya achanganye Kiingereza katika kila jibu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema: “Marahaba, mwanangu. Ila hapa kwetu maharage hayaoti kwa Kiingereza.” Kesho yake alipewa jembe, akalima hadi mchana, na posa ikapokelewa.

Tangu mwaka 1994, kila alipotoka shuleni, alikwenda katika kambi ya wakimbizi kuwafundisha watu wazima bila malipo. Mwaka 2005 yalianza mahojiano ya kuwachagua watakaopewa makazi nchi za mbali. Watu hawakuwaamini wakalimani, waliokata maelezo ya saa nzima kuwa maneno matatu. Walimwomba mwalimu awawezeshe kujieleza wenyewe. Akafundisha alivyozoea: sentensi moja, watu wote, sauti moja. I have a fear of death in my country, yaani, nina hofu ya kifo nchini kwangu.

Wakaingia mmoja mmoja wakaisema sentensi hiyo, bila kosa, kwa mdundo uleule. Maofisa wakaamua kwamba hadithi zao zilikuwa za kutungwa. Miongoni mwa waliokataliwa alikuwa Leonsia Nshimirimana, mjane ambaye mumewe alichinjwa mgombani mbele ya macho yake. Hakuna aliyemuuliza mgomba ulikuwa wapi, wala mumewe aliitwa nani.

Marehemu alipojua, hakujificha. Alisimama kwenye lango la ofisi ya mahojiano wiki baada ya wiki mpaka akaruhusiwa kuingia. Ofisa alimwambia, “Mwalimu, wote wanasema maneno yaleyale.”

“Maneno ni yangu,” akajibu. “Wafu ni wao. Waulizeni tena kwa Kirundi, na mkae mpaka wamalize.”

Aliambiwa kwamba uamuzi ukishatolewa haurudiwi. Tunauliza hapa, mbele ya jeneza: ni haki gani hii inayompima mjane kwa wimbo wa darasani, kisha ikakosa muda wa kumsikiliza? Kuanzia siku hiyo marehemu aliacha kuimbisha. Kila mwanafunzi alitakiwa kueleza jambo lake kwa maneno yake, hata kama yamevunjika, na yeye hakusahihisha.

Kwa Leonsia muda ulikuwa umekwisha. Mwezi Agosti 2006 alipandishwa lori la kurudishwa Burundi pamoja na wanawe. Marehemu alikuwepo. Alimwomba msamaha, naye Leonsia akamwambia, “Mwalimu, wewe angalau ulitufundisha kitu. Wale hawakutaka kujua lolote.”

Mwezi Oktoba alipatwa na kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kusema. Felisita alimlisha na kumgeuza kitandani kwa miezi mitano. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 3 Machi 2007, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mjane, Felisita. Watoto watatu, Bonaventura, Suzan na Xavery. Mdogo wake, Consolatha. Na wanafunzi wengi, baadhi yao wamesimama hapa. Leonsia na wanawe tumewatafuta kupitia kila anayevuka mpaka ili tuwape habari ya msiba huu. Mpaka tunapoandika, hakuna anayejua waliko.

Mwenyezi Mungu ampumzishe Leonidasi kwa amani, na awasikilize wale ambao sisi hatukuwasikiliza.