Herufi Moja, Ukurasa wa Tisini

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa maktaba, ndugu waandishi na wageni waalikwa, na wewe mama wa mstari wa mbele uliyekikumbatia kitabu: hamjambo.

Nimepewa dakika tano za kumsifu Sajini mstaafu kwa riwaya yake ya vita. Nitamsifu, ila mniwie radhi, nitaanza na kosa langu.

Mimi ndiye mhariri wake. Nani ameandika uzito wa vita kama yeye? Redio ya kilo kumi na mbili mgongoni, mikanda ya risasi, viatu vilivyolowa, na juu ya yote hayo woga, ambao huwezi kupokezana na mwenzio. Katika ukurasa wa tisini, askari wanne wanambeba mwenzao aliyejeruhiwa, adui yuko nyuma yao. Hapo Sajini aliandika, "Tukamtua mtoni." Mimi na ujuaji wangu nikaona kosa la chapa. Nikafuta u, nikaweka o: "Tukamtoa mtoni." Sajini aliiona nakala ya mwisho, akalisugua bega lake la kulia, akairudisha bila kusahihisha. Kitabu kikachapwa hivyo.

Jumatatu huyu mama alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amelitambua jina la yule majeruhi, Kijiko: ndilo jina la utani la mwanawe ambaye hakurudi kutoka vitani, aliyeitwa hivyo kwa ulaji wake. Alicheka huku machozi yanamtoka, akaniuliza, "Kama walimtoa mwanangu mtoni, basi wamemzika wapi?"

Nikampigia Sajini simu, nikamsomea swali la mama. Akasema, "Nirudishie u yangu. Sentensi yangu sikuitunga; ndivyo ilivyokuwa."

Ndugu zangu, nimeogopa siku nne, na sasa ndiyo naogopa zaidi. Nani angependa kumpokonya mama herufi iliyomrudishia mtoto? Lakini Sajini ameubeba mzigo huu miaka ishirini, na mimi nikamsaidia kuuficha. Hakutaka uambiwe faraghani, mama, kwa kuwa uongo umechapwa hadharani.

Basi naisoma kama alivyoiandika: "Tukamtua mtoni." Walimtua akiwa hai, Sajini akiwa mmoja wao, wakamwacha. Hawakuwa na nguvu za kumvusha.

Kiti hiki kando yangu ni cha Sajini. Kiko tupu kwa sababu amesimama nje ya mlango ule, na ameniomba nikuulize wewe, si mgeni rasmi, kama aingie.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Mama, sasa tunakusikiliza wewe.