Kopo Ndani ya Friji la Mama Mkwe

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mmeitikia kwa nguvu, nashukuru, maana nikimaliza sijui kama kutakuwa na atakayenipa mkono. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nieleze nilivyopona. Nikamuuliza, "Yote?" Akasema, "Yote, ndugu, tupate kumsifu Mungu." Haya. Wa kulaumiwa mnamjua.

Mimi ni fundi cherehani wa hapa hapa Manyamanyama. Cherehani iko barazani, kitanda kiko ndani, na safari zangu ni kutoka kimoja kwenda kingine. Mke wangu husema hata kuku wake wanatembeaga kuliko mimi. Sasa mtu wa namna hiyo akiugua, nani atajua? Kila siku yuko pale pale.

Ulianza muwasho. Mwili mzima unawasha, sioni upele. Nikasema ni mitumba ninayopunguza, ina dawa za Ulaya. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nikasema sinywi maji. Mke wangu akanivuta hadi mlangoni, akanifungua jicho kwa kidole.

"Baba, jicho hili ni kiini cha yai la kienyeji."

"Ni jua la asubuhi," nikamwambia.

Ndugu zangu, nawaambia, muogopeni mtu aliyefika kidato cha nne. Biolojia nilipata D, na kwa D ile ile nikajitibu: mwarobaini asubuhi, vidonge vya malaria jioni. Nikazidi kuisha. Suruali zangu nikawa nazipunguza kiuno mwenyewe, tena kwa ustadi, hadi siku mke wangu aliposimama mbele ya cherehani.

"Hiyo siyo suruali unapunguza. Hiyo ni sanda unaishona, ila umeanzia miguuni."

Kesho yake tukawa Musoma.

Daktari alikuwa mtu mpole. Akanipima damu, akaniminya tumbo, akauliza maswali. Moja akauliza hivi: "Haja kubwa ina rangi gani?"

"Ya kawaida," nikajibu haraka, kama mtu aliyesoma.

Wapendwa, nilijuaje? Choo chetu ni cha shimo, mnakijua, wengine mmeshakiazima. Kirefu, kina giza. Nani anaangaliaga kule chini? Nilibahatisha, kama kwenye mtihani. Na daktari wa watu akaandika nilivyomwambia. Akasema kwa dalili hizo huenda ini lenyewe lina homa, nipumzike, niwe narudi wanitazame, na kipimo cha picha ya tumbo nisubiri zamu yangu.

Natoka mlangoni, nikakutana na dada mmoja wa utafiti. Akanikaribisha kwenye benchi, akaniuliza kama ningekubali kushiriki, na kama sitaki, matibabu yangu yako pale pale. Nikamuuliza mnatafuta nini. Alinieleza vizuri kuliko mwalimu wangu. Chembe za damu zikizeeka, mwili unazivunja, panabaki rangi ya njano. Ini linaimwaga kwenye nyongo, nyongo inashuka utumboni. Huko kuna vijidudu vyetu wenyewe, vya heri, vinaivunja tena ile rangi. Kinachobaki wanakiita urobilini, na ndugu yake mmoja. Hao ndio wanaopaka mkojo unjano na haja kubwa ukahawia.

"Kumbe kuna fundi mpaka rangi kule ndani!" nikasema.

"Yupo, kaka. Na sisi tuna mashine inayosoma vitu vidogo vya mwilini chungu nzima kwa mpigo mmoja. Tunataka kujua kwa asiyeumwa urobilini huyu anakaaje, na kwa mgonjwa anakaaje."

Nikapenda. Nikaweka sahihi. Ndipo akanipa makopo mawili. Moja la mkojo, halina neno. La pili ndilo lenye neno. Haja kubwa ya asubuhi, kopo lizungushiwe foili, ile karatasi ya kung'aa ya jikoni, mwanga usiiharibu, litiwe kwenye mfuko na mfuko mwingine, likae kwenye friji mpaka nilete.

Friji! Nyumba niliyofikia Musoma ni ya mama mkwe wangu.

Vijana mnacheka kwa sababu mmeoa juzi juzi. Sisi tuliotokea Butiama tulilelewa tukijua mama mkwe ni mtu wa kukwepwa kwa heshima. Sikumpa mkono wala sikula mbele yake. Choo chake kizuri, cha kuvuta maji, sikuwahi kukiingia. Nilikuwa nadamka kwenda choo cha kulipia stendi, mgonjwa vile, nimeshika ukuta. Leo nikaweke kopo kando ya maziwa yake?

Nikamwambia mke wangu narudi kwetu huku Bunda. Utafiti basi, daktari basi, na hizo siku za kurudi kutazamwa basi. Bora kufa na heshima. Nilisema hivyo, na nilimaanisha.

Mke wangu hakubishana. Alienda kumwambia mama yake.

Nimekaa sebuleni, mara nasikia sauti nyuma ya pazia, maana na yeye ananiheshimu, hakuja mbele.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nasikia unataka kufa kwa ajili ya friji langu."

Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Mimi nimezaa saba. Wote nimewafuta. Wajukuu nimewafuta. Baba mkwe wako alipougua nilimfuta mpaka alipoondoka. Wewe una kitu gani kipya?"

"Mama, ni aibu."

"Aibu ni mimi kumzika mkwe kijana na friji linanguruma. Choo kile pale. Maziwa nimeshayatoa, nimempa jirani. Asubuhi nikute kopo ndani."

Asubuhi alilikuta. Na mimi nilishaona kilichomo: cheupe, kama udongo ule tunaopaka ukutani Krismasi ikikaribia. Nikadhani ni kwa sababu ya uji wa lishe wa mama mkwe. Ile D haijawahi kuniacha.

Sikuwa na nguvu za kutembea, basi mama mkwe akabeba makopo yeye mwenyewe ndani ya kapu lake la sokoni, kitambaa juu kama amebeba samaki sato. Yule dada wa utafiti akapokea, akainua karatasi kidogo kuhakiki kopo. Akasoma tena aliyoandika daktari. Akampigia simu mke wangu.

"Kaka alimwambia daktari rangi ni ya kawaida?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mleteni sasa hivi."

Mashine yao haikuwa hata imewashwa, na alikuwa ameniambia majibu yake ni ya utafiti, yatachukua muda. Lakini lile kopo lilijieleza lenyewe. Kama haja ni nyeupe, nyongo haifiki utumboni. Mpaka rangi hana rangi. Daktari akanipitisha kwenye picha ya tumbo siku ile ile: jiwe limeziba mrija wa nyongo. Akasema ningechelewa na uchafu ungeoza mle ndani, tungeongea mengine. Nikapelekwa Mwanza, wakalitoa.

Siku chache baada ya kurudi, nikiwa bado kwa mama mkwe, niliingia choo kile kizuri nikageuka kuangalia. Ndugu zangu, nilipiga vigelegele. Mwanaume mzima! Mke wangu akaja mbio akidhani nimeanguka. Tukasimama wawili tukitazama kahawia kama watu wanaotazama mvua ya kwanza.

Basi nashukuru. Nashukuru daktari niliyempa jibu la uongo akanipokea tena bila kunisuta. Nashukuru yule dada, ambaye nimeshampelekea kopo jingine, langu mimi niliyepona, walinganishe. Nashukuru mke wangu, mwenye ulimi wa kunisukuma nje ya nyumba. Na mama mkwe, anayenikatazaga kumshukuru mbele za watu, leo hayupo, nitamshukuru nitakavyo.

Funzo ninalo moja. Daktari akikuuliza, na hujui, sema sijui. Kisha nenda ukaangalie, hata kwa tochi. Macho ya njano, mkojo wa chai, haja ya chokaa, usikae barazani ukisingizia jua.

Naketi, wapendwa. Naona ugali umeshawekwa mezani na baadhi yenu nimewaharibia hamu. Msijali. Wenye kushindwa, sahani zenu zisogezeni huku.