Nilivyomtangazia Kifo Somo Yangu Angali Hai

Assalaam aleikum, ndugu zangu! Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniachia ulimi wangu baada ya mimi kuutumia vibaya vile! Wenzetu wa makanisani wana ada ya kusimama mbele za watu wakasema, nilikuwa hivi, leo niko hivi. Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Makadara hapa Mombasa, lakini ada yao leo naiazima, kwa sababu nilichotendewa nikikinyamazia kitanisuta.

Jina langu ni Maimuna. Mtaani waliniita Redio, na mimi nikaona ni sifa.

Nilikuwa kwenye grupu la ukoo, la mtaa, la madrasa ya watoto, la kina mama wa harusi, na mengine nisiyojua nani aliniingiza. Kazi niliyojipa, bila kuombwa na mtu, ilikuwa kutangaza misiba. Mwatujua watu wa hapa, maiti halazwi. Anayefariki asubuhi, alasiri yuko kaburini. Basi habari lazima iende mbio, na hakuna aliyekimbia nayo kunishinda. Nikituma tu, majibu yanamiminika: ahsante kwa taarifa, Mungu akulipe. Ndugu zangu, nasema jambo linaloniaibisha hadi leo. Nilikuwa nikifurahi! Mtu amefunikwa shuka, watoto wake wanalia, na mimi huku moyo wanidunda kwa raha kwamba nimekuwa wa kwanza.

Sasa mjueni Bi Rukia. Anakaa Kuze, ndani ya Mji wa Kale, na umri wake umepita themanini. Yeye ndiye somo yangu, mwanamke aliyenifunda nilipokuwa mwari na kunipeleka kwa mume wangu. Mama alipofariki nikiwa na mimba ya kwanza, Bi Rukia ndiye aliyenikanda, akanipikia uji, akakaa nami arubaini nzima ya uzazi. Duniani sina mwingine wa kumwita mama.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nachoma mahamri, mkono mmoja una mwiko, mwingine una simu. Kioo kikawaka, kikaonyesha mstari mmoja: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Rukia wa Kuze..." Maneno yakaishia hapo, maana sikuwa nimeufungua ujumbe wenyewe. Kuufungua ni kugusa mara moja tu. Sikugusa! Niliona binamu yangu anaandika kwenye grupu la ukoo, nikaogopa atanitangulia. Nikaandika kwa haraka kwamba somo yangu Bi Rukia ametutoka, maziko ni alasiri. Hayo ya alasiri niliyatunga mwenyewe. Nikatuma magrupu yote. Machozi yalinijia baada ya kutuma, ndugu zangu, si kabla.

Ujumbe kamili ulisema Bi Rukia wa Kuze amefiwa na wifi yake, huko Lamu.

Nilipoufungua, mahamri yalikuwa yameungua na majirani wa Kuze walikuwa washabeba majamvi na sufuria. Vijana walikuwa njiani kwenda kuchimba kaburi. Bi Rukia alisikia hodi, akafungua mlango na leso yake kichwani, akamkuta mwanamke amesimama na sanda mkononi! Kuna waliocheka baadaye. Lakini kaka yake, mzee wa Malindi mwenye ugonjwa wa moyo, alikuwa tayari amepanda gari. Alifika analia, akamwona dada yake amesimama mlangoni, akaanguka palepale. Alilazwa hospitali siku tatu, na siku zote tatu hatukujua kama atatoka.

Siku ileile nilikwenda Kuze mbio, kila mguu na kiatu cha rangi yake. Bi Rukia alinizuia mlangoni.

"Umekuya kunizika, au umekuya kunitazama?" akaniuliza.

"Nisamehe, somo yangu. Nilidhani..."

"Hukudhani. Ungedhani, ungekuya kuniangalia kwanza. Enda zako, Maimuna. Usikanyage kizingiti changu mpaka uwe na mato ya kuonea."

Mlango ukafungwa. Mzee wa Malindi alipona, alhamdulillahi, lakini mlango haukufunguliwa. Mwanamke wa miaka themanini na zaidi, kila siku inayopita ni siku moja imepungua. Niliogopa kwamba siku atakapokufa kweli, nitasoma kwenye simu kama watu wengine wote, na nitakuwa sijasamehewa.

Mtadhani basi niliacha. Thubutu! Jioni ileile nilikuwa nachungulia magrupu kuona nani amenitetea na nani amenisema. Nikaiuza simu, nikanunua kile kisimu cha tochi. Wiki moja haikuisha, nikawa naazima ya binti yangu, nikimwambia nataka kuangalia saa za sala. Ukutani saa ninayo!

Wokovu wangu ulitokea kazini. Mimi naosha vikombe kwenye kampuni moja ya chai, upande wa Kilindini. Kuna chumba cha kuonjea, meza ndefu, vikombe vyeupe vimepangwa safu, na nyuma ya kila kikombe kopo la majani yake. Mwonjaji ni Bwana Nimal, Msri Lanka, mfuasi wa Budha, ameishi Mombasa miaka mingi. Hupita na kijiko chake, huvuta chai kwa kishindo, hutema, huenda kikombe kinachofuata. Simu yake hukaa ndani ya droo.

Siku hiyo nilikuwa nimeificha simu mpya chini ya aproni. Ndiyo, nilikuwa nimenunua nyingine. Ikanguruma nikipanga makopo, nikaichungulia, nikayapanga makopo sita nyuma ya vikombe visivyo vyake. Bwana Nimal alionja, akasimama. Akarudi nyuma, akaonja tena. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Mama Maimuna, mikono yako ilikuwa hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikalia! Nikamweleza yote, Bi Rukia, sanda, mzee wa Malindi, mlango. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kijiko.

"Unaona ninavyofanya? Chai nzuri, natema. Chai mbaya, natema. Nikimeza zote, saa nne haijafika, ulimi umekufa. Wewe unameza kila kitu."

Akanieleza kwamba Budha alifundisha kuwa mateso yana mzizi, na mzizi huo ni kiu ya kutaka, kutaka, kutaka. Kiu hiyo haifi kwa kunyweshwa, na kuipiga vita huizidishia nguvu. Unaitazama. Inakuja, unaijua, inapita. "Simu ikilia usiishike," akasema. "Tafuta kwanza kiu iko wapi mwilini. Vuta pumzi, jua unavuta. Toa, jua unatoa. Mara tatu."

Nilijaribu palepale. Wallahi, niliikuta! Ilikuwa kwenye kidole gumba na hapa chini ya koo, kama mwasho. Miaka yote ule mwasho ulikuwa ukiniburuta na sikuwahi kuutazama.

Akaniongezea maswali ambayo, kwa mafundisho yao, mtu hujiuliza kabla ya kufungua kinywa: ni kweli? Linamfaa mtu? Wakati wake umefika? Nalisema kwa upendo? Mimi nikaona haya. Dini yangu mwenyewe imeniamrisha tangu chuo cha Kurani nihakikishe habari kabla ya kuieneza. Masikio yangu yalikuwa yamesikia zamani. Vidole ndivyo vilivyokuwa havijasilimu! Ndugu zangu, sikubadili dini, nasali sala zangu tano. Lakini jirani akikuonyesha njia ya kufika kisimani kwako mwenyewe, utamkatalia?

Nikaanza na vikombe. Naosha kikombe, najua naosha kikombe. Siku ya kwanza nilifika cha tatu, akili ikawa ishapanda kivuko kwenda Likoni. Wiki ya nne nikaanguka kabisa, nikasambaza picha ya moto sokoni Marikiti, kumbe ni picha ya zamani na si ya Marikiti. Nikamwendea Bwana Nimal nimeinamisha kichwa. Alicheka mpaka akapaliwa. "Anza na kikombe kinachofuata," akasema.

Nikaanza. Nikatoka kwenye magrupu, nikabakia la ukoo pekee. Simu nikaipa kabati lake, na nikirudi kutoka kazini inaingia humo mpaka baada ya magharibi. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Mume wangu, ambaye si msemaji, akaniambia chai ya jioni siku hizi inanoga. Majani ni yaleyale. Tulikuwa tumekaa pamoja tukiinywa, basi.

Kisha mtihani ukaja. Mchana mmoja, niko nyumbani, ujumbe uliingia: jirani wa Bi Rukia, pale pale Kuze, amefariki. Kidole gumba kikawasha, moyo ukadunda kama zamani. Nikavuta pumzi, nikatoa, mara tatu. Kiu imekuja, nikajiambia, naiona. Nikaitia simu kabatini, nikavaa buibui langu, nikaenda kwa miguu.

Msiba ulikuwa wa kweli. Sikumwambia mtu yeyote neno. Niliwashika mikono wafiwa, nikapita uani, nikakunja mikono ya nguo nikaosha masufuria. Nayajua kuyaosha sasa. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinua uso, Bi Rukia alikuwa ameketi kwenye kibao mbele yangu, ananitazama. Kina mama waliomzunguka kila mmoja ameinamia kioo cha simu yake.

"Simu yako i wapi?" akauliza.

"Nyumbani, somo. Kabatini."

Akachukua kitambaa, akaanza kuyapangusa masufuria niliyoosha, moja moja. Tulipomaliza akaniambia, "Ijumaa kuya kwangu."

Ijumaa nilibisha hodi. Akanifungulia! Akaniambia niingie, nikae kitako, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Ndugu zangu, nililia kuliko siku ile aliyonifungia. Naye hakunibembeleza, hiyo si tabia yake. Alisubiri ninyamaze.

"Siku yangu ifikapo," akasema, "sitaki nitangazwe na mwingine. Ni wewe. Lakini uniguse kwanza."

Namshukuru Mungu, na namshukuru Bwana Nimal, aliyenifundisha kutema. Na wewe ambaye mfukoni mwako mnawasha hivi sasa ukinisikiliza, nakuomba ujaribu. Pumzi tatu tu. Itazame hiyo kiu inakuja, itazame inakwenda. Itakwenda! Mimi Redio nakwambia, na kama mimi niliweza, hakuna asiyeweza.

Kila Ijumaa baada ya sala naenda Kuze. Simu inabaki kabatini, nami nakaa na somo yangu nimeushika mkono wake. Ijumaa iliyopita ulikuwa na joto. Hiyo ndiyo habari yangu, ndugu zangu, na nimeihakikisha.