Mwenye Likizo Ndiye Aende

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya mashine ya kusaga, na ukikaa hapo nusu saa unaondoka na makalio meupe ya unga. Wenye nalo wanaliita Bodi ya Wakurugenzi. Mwenyekiti ni Mzee Faili, karani mstaafu, aliyeumaliza ujana wake katika masjala ya serikali na sasa anaumalizia uzee wake kwenye foleni za mafao. Wa pili ni Kamisheni, muuza bima, ambaye kampuni yake haimpi mshahara ila inampa tai. Wa tatu ni Shehena, mtunza stoo wa kampuni binafsi, mtu wa maneno machache na mgongo mbovu. Jumamosi hiyo umeme ulikuwa umekatika, mashine imenyamaza, muuza kahawa kaegesha birika lake kivulini, na Shehena alikuwa amekuja na kaka yake, mwalimu wa shule ya serikali aitwaye Chaki, kwa shauri ambalo halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

Mama yao alikuwa ameanguka Jumanne uani kwake, na tangu hapo mguu mmoja hauchukui uzito. Anaishi peke yake, mbali, mwendo wa basi kutwa nzima. Jirani yake ndiye aliyewapigia simu. Ndugu hawa wakawa wanatumiana ujumbe, huyu leo, yule kesho, mpaka Jumamosi ikafika wakakubaliana wakutane uso kwa uso waamue nani aende kumuuguza. Shehena alitaka wakutanie nyumbani kwake, lakini Chaki akasema afadhali mbele ya watu, penye wazee haliharibiki neno. Shehena akakubali, maana mdogo ni mdogo hata akiota mvi. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu Jumanne, na kila alipofumba macho alimwona mama yake akijaribu kuinuka.

– Hapa hapana mjadala, alianza Chaki. Mwenye likizo ndiye aende.

– Basi ni wewe, kaka. Serikalini likizo ni haki, tena imeandikwa.

Chaki alicheka cheko la mtu anayeumwa jino. Likizo ya mwalimu, akaeleza, hufunguka shule ikifungwa, na sasa hivi watoto wako kwenye mitihani. Ile ya dharura aliimaliza kwenye msiba wa mkwewe, na alipokwenda kuomba nyongeza, mwalimu mkuu alimuuliza kwa upole kama ukoo wake wote umeamua kuumwa kwa zamu. Na hata angeruhusiwa, nauli angeitoa wapi? Mshahara wake unaingia benki umeshakatwa mikopo mitatu, yeye anabaki kupewa taarifa tu kwamba ulipita.

– Wewe ndiye mwenye hela, akamalizia. Kampuni hulipa vizuri.

– Kampuni hulipa mapema, kaka. Vizuri ni neno lingine.

Hapo ikambidi Shehena aseme jambo ambalo hakupenda kulisema. Kwenye stoo yao, zamu yako ya likizo ikifika, msimamizi hukuita pembeni akakuuliza swali moja: unakula au unauza? Ukila, unapumzika siku zako, na ukirudi unaweza kumkuta mtu mwingine ameshika funguo zako. Ukiuza, unalipwa, unaendelea kubeba. Shehena tangu aajiriwe hajawahi kula. Aliuza likizo akalipa ada, akauza akalipa kodi, na mwaka huu aliuza akanunua mabati ya nyumba ya mama.

– Kwa hiyo ya mwaka huu umeshauza, akasema Chaki.

– Nimeuza na ya mwakani.

 Mzee Faili akapuliza kahawa yake ambayo ilikuwa imepoa zamani.

– Ndiyo maana mimi husema serikali ni serikali, akasema mzee. Kule likizo haiuzwi. Unaenda, unapumzika, unarudi, meza yako iko palepale na vumbi lake. Na ukistaafu unapewa kiinua mgongo.

– Wewe umekipata, mzee wangu? akauliza Kamisheni.

– Kinashughulikiwa.

– Mwaka wa ngapi huu?

– Haraka haraka haina baraka. Kinachelewa kwa sababu wanakitia baraka.

Kamisheni akasema kwamba kwa baraka za namna hiyo, mgongo wa mzee utainuliwa na wachimba kaburi. Watu wakacheka, mzee mwenyewe akiwa wa kwanza, na Shehena akacheka pia, kisha akaona haya kwa kucheka. Hakuja kucheka. Lakini benchi ni benchi, lina mazoea yake, na ukilipelekea kidonda chako litakirushiana kama mpira kwanza.

Kamisheni sasa alikuwa ameshapata moto. Akavuta tai yake, akatangaza kuwa tatizo hapa si mama, tatizo ni mfumo. Upande mmoja kuna mtu ana likizo kwenye karatasi lakini hana nauli. Upande wa pili kuna mtu ana nauli lakini likizo ameiuza. Dawa ni kukodishana. Chaki amkodishie Shehena likizo ya Desemba, Shehena amkodishie Chaki mshahara wa mwezi huu.

– Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, akafafanua. Maana yake ndugu wawili wakitegemeana, umaskini ndio unaokufa.

– Haina maana hiyo, akasema Chaki, ambaye methali ndizo anazofundisha.

– Mwalimu, wewe una maana ya kitabuni. Mimi nina ya sokoni.

Mzee Faili hakutaka kupitwa. Alisema mawazo ya kukodisha ni ya kitoto, kwa sababu hakuna kitengo cha kuyapokea. Jambo la msingi, mama mwenyewe ni mtumishi. Amelea wawili, kalima, kafua, kazini asubuhi mpaka usiku, hajawahi kupandishwa cheo, hajachukua likizo ya uzazi wala ya ugonjwa. Kwa kanuni alipaswa kustaafu katika umri uleule aliostaafu mzee mwenyewe, alipwe kwa mkupuo, na hiyo hela ndiyo ingemlipa muuguzi. Kosa lilifanyika mwanzo, hakuna aliyemfungulia jalada.

– Bado tunaweza kumfungulia, akasema Kamisheni, macho yakimng'aa. Sikilizeni. Shehena, geti la kampuni yenu lina mlinzi?

– Lina walinzi.

– Wanafanya nini?

– Wanakaa.

– Mama si anakaa? Mwajirini mama. Mlete umkalishe getini na mguu wake huohuo, siku ya kwanza anapata kitambulisho, siku ya pili anapata bima ya matibabu, siku ya tatu anaugua rasmi. Anatibiwa kwa gharama ya kampuni na wewe uko stoo, unamwona kila ukitoka.

– Muda wa matazamio miezi mitatu, akasema Mzee Faili kwa uzito. Bima haianzi kabla ya hapo.

– Basi aanze kuugua baada ya matazamio.

– Serikalini angeugua tangu siku ya kwanza, akasema mzee, na huo ndio ubora wa utumishi wa umma.

Wakaanza kubishana wawili hao kama kweli, geti la serikali au geti la kampuni, kiti cha plastiki au cha mbao, sare ya nani ina mifuko mingi. Shehena aliwasikiliza, na katika akili yake akamwona mama yake kweli ameketi getini na kofia ya ulinzi, akiyafungulia malori na kuwauliza madereva kama wamekula. Ikamchoma. Akajua kwamba hasira iliyokuwa inampanda haikuwahusu Mzee Faili wala Kamisheni.

– Kaka, akasema, mama alimuuza yule ng'ombe wake kwa ajili ya nani?

Chaki akageuka taratibu. Alijua ni ng'ombe yupi. Ndiye aliyempeleka chuo cha ualimu, na baada yake hapakuwa na wa pili wa kumpeleka Shehena popote.

– Kwa hiyo ndiyo tumefika huko, mdogo wangu.

– Nauliza tu. Maana wewe ndiye uliyepata ajira ya kudumu.

– Ya kudumu, ndiyo. Nimedumu kwenye nyumba ileile ya kupanga na madeni yaleyale. Unadhani nikiondoka leo nikafukuzwa, nitaanza wapi na umri huu? Wewe ukifukuzwa, kesho unabeba mizigo stoo ya jirani.

– Kwa mgongo gani, kaka?

Mzee Faili akakohoa, akasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hakuna aliyeinuka. Jembe halikuwepo, na kahawa bado ilikuwepo.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa karibu nao na ndoo ya mahindi, akisubiri umeme urudi. Hawakumjua. Alikuwa amesogezewa ncha ya ubao akaketi, akaagiza kahawa, akainywa taratibu akiyasikia yote kwa sababu yalikuwa yakisemwa kwa sauti. Sasa akakiweka kikombe chini.

– Samahanini, kaka zangu. Shikamoo, mzee.

– Marahaba, mwanangu.

– Mimi si wa hapa, na mambo ya pensheni siyajui. Nilitaka kuuliza tu. Huyo mama, hivi sasa, yuko na nani?

– Yuko na jirani, akajibu Shehena papo hapo.

– Hapana, akasema Chaki. Jirani aliondoka. Alikuwa ana msiba wa dada yake. Nilikwambia.

– Hukuniambia.

– Nilikuandikia Jumatano, kuhusu suala la mama.

Shehena akaitoa simu, akautafuta ujumbe. Akaukumbuka. Ulikuwa wa mstari mmoja, naye aliusoma akiwa juu ya ngazi na boksi begani, akashika lile neno la mwisho tu, akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa kuwa na kaka. Akausoma kwa sauti ili na Bodi isikie.

– “Jirani ana safari. Suala la mama linashughulikiwa.”

Hakuna aliyecheka. Mzee Faili alitazama chini. Neno hilo ni la kwao, la masjala. Yeye mwenyewe aliwaandikia watu neno hilo maisha yake yote, na kila mtu aliyewahi kusimama dirishani anajua kwamba halina mtu ndani yake. Halisemi nani anashughulikia.

– Nilimaanisha wewe, akasema Chaki. Nilijua ukishapata taarifa utafanya mpango wa mtu wa kukaa naye. Wewe si ndiye mwenye hela? Na ulijibu. Ulijibu “sawa kaka.”

– Nilijibu sawa kwa sababu ulisema linashughulikiwa.

Chaki alipiga namba ya mama. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akaipiga ya jirani, akaiweka kwenye spika bila kukusudia, au pengine hakutaka kuisikia peke yake. Sauti ya jirani ikatoka ikiwa imechoka, nyuma yake watu wakiimba nyimbo za maombolezo.

– Mwalimu? Mmefika salama? Mama anaendeleaje?

Chaki akamsogezea Shehena simu. Shehena akainama kwenye simu.

– Mama jirani, hapa ni mdogo wake Mwalimu. Wewe uliondoka lini?

– Alhamisi asubuhi, mwanangu. Nilimwachia maji karibu na kitanda, na chakula nimekifunika. Nilitaka nimwite yule binti wa nyumba ya chini, nikakuta wamehamia shambani msimu huu. Nikarudi nikamwambia basi nisubiri mpaka mmoja wenu afike. Akakataa kabisa. Aliniambia, nenda kamzike dada yako, wasikungoje. Mimi wanangu wote wawili wameajiriwa.

Simu ikaendelea kuimba nyimbo za msiba kwa muda, kisha Chaki akaikata. Tangu Alhamisi asubuhi mama alikuwa peke yake. Mwanamke mwenye ndoo alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Kamisheni akalegeza tai yake.

Shehena aliinuka na ovaroli lake la kazini. Zamu yake ilikuwa inaanza saa sita, na hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu yeyote. Alishika njia ya stendi akitembea, halafu akikimbia, mgongo ukimuuma kila hatua. Hakugeuka kuangalia kama kaka yake anamfuata. Basi la mwisho la kule huondoka saa nne asubuhi, na saa nne ilikuwa imepita wakati wanabishana sare ya nani ina mifuko mingi.