Lori Zima kwa Nusu ya Mshahara

Lori la viazi lilikuwa likiteremka kutoka Bugeshi kwenda Gisenyi, na Saidati, mshona nguo, alikaa juu ya magunia katikati ya wanaume wawili wasiojuana. Mbonigaba, kijana mwenye ruhusa ya udereva tangu Pasaka tu, alikuwa akicheka peke yake. Faradji, shofa wa malori wa miaka mingi, akamuuliza ana nini.

"Muzee, nimepata kazi! Kila patron mwenye malori alikuwa ananiuliza, we umeendesha miaka ngapi? Sasa kama hakuna mutu wa kunipa lori, iyo miaka nitaitoa wapi? Nitainunua sokoni?"

"Bon. Na huyu aliyekupa kazi anakulipaje?"

"Nusu ya wengine."

"Nusu! Kwani we utapanda mulima nusu? Kataa, mutoto wangu. Ukikubali, kesho watatulipa sisi wote vile."

"Nikikataa, muzee, nitakula nini? Ruhusa?"

Saidati aliona kila mmoja ana haki, jambo linaloudhi sana ukiwa katikati yao. Akajizuia kucheka.

Walibishana mpaka lori liliposimama Gisenyi. Mbonigaba akaruka chini, akakimbilia lori jekundu alilokabidhiwa, akaingia, akapiga honi ndefu bila sababu yoyote. Watu wakashtuka, kisha wakacheka naye.

Faradji akateremka polepole akinung'unika, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la kijana.

"Bado nasema ukatae," akamwambia. "Lakini kwenye muteremko wa Kanzenze, usitegemee breki peke yake. Tia gia ndogo mapema. Unasikia?"